Upepo Umetulia, Maji Bado Yako Njiani

Ndugu zangu, wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma mlangoni, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa niseme juu ya vimbunga. Kile kishindo chenyewe, mabati yanayopaa na miti inayong'oka, sitakizungumzia sana. Hakuna asiyekiogopa, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuhimizwa ajifiche. Nataka tukae kwenye saa zinazofuata. Kimbunga kimeshaingia nchi kavu, upepo umelegea, redio imetangaza kwamba kimepoteza nguvu, na mvua inaendelea kumwagika, leo, kesho, pengine hata keshokutwa. Hapo ndipo watu huanza kufungua milango. Ninachowaomba ni kwamba katika saa hizo msiupime usalama wenu kwa upepo. Upimeni kwa maji, maana maji yana saa yake, na saa hiyo huchelewa.

Tuanze na sababu, kwa kuwa mtu akijua sababu hahitaji kulazimishwa.

Kimbunga cha kitropiki kinaendeshwa na joto la bahari. Kinataka maji ya juu yenye nyuzi joto zipatazo 26.5 au zaidi. Mvuke unapanda kutoka kwenye maji hayo, unapoa huko juu, unageuka matone, na katika kugeuka unatoa joto ambalo linaivuta hewa nyingine ipande nyuma yake. Kikiingia nchi kavu, chanzo hicho kinakatika, na vilima, misitu na majengo vinaukwaza upepo. Ndiyo maana kasi ya upepo hushuka haraka, mara nyingi ndani ya saa chache tu. Lakini ule mvuke uliokwisha kupanda unabaki pale pale juu yetu, umetanda mamia ya kilomita, na lazima ushuke. Ukikutana na milima unashuka kwa wingi zaidi, kwa sababu mlima unaisukuma hewa juu, hewa inapoa, na maji yanatoka kama nguo inayokamuliwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Zile daraja tunazozisikia, la kwanza mpaka la tano, zinapima kasi ya upepo peke yake. Hakuna mahali zinapopima mvua. Kimbunga kikishushwa daraja, au kikiondolewa kabisa kwenye orodha ya vimbunga kikaitwa mgandamizo mdogo wa hewa, hakuna aliyesema lolote juu ya maji yaliyobaki ndani yake. Kinachoamua sana wingi wa mvua mahali pamoja ni mwendo wa kimbunga chenyewe. Kinachopita mbio humwaga kidogo na kwenda zake. Kinachozubaa humwaga vyote, na kimbunga dhaifu kinaweza kuzubaa juu ya bonde moja siku nzima au zaidi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kimbunga Harvey cha Marekani. Kiliingia Texas usiku wa tarehe 25 Agosti 2017 kikiwa daraja la nne. Kesho yake mchana kilikuwa kimeshashuka hata chini ya daraja la kwanza. Mtu aliyekuwa akifuata upepo angesema hatari imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza: kiliganda karibu na pwani kwa siku kadhaa, jiji la Houston likazama, na katika mji wa Nederland kipimo kilisoma milimita 1,539 za mvua. Hiyo ni zaidi ya mita moja na nusu, urefu wa watu wengi kufika mabegani au kidevuni. Houston hiyo hiyo ilikuwa imeshafunzwa mwaka 2001 na dhoruba iliyoitwa Allison, ambayo haikuwahi kufikia hata daraja la kwanza katika maisha yake yote. Iliua watu na kuharibu mali nyingi kiasi kwamba jina lake liliondolewa kwenye orodha lisitumike tena, heshima ya huzuni ambayo kabla ya hapo, katika Atlantiki, ilikuwa ya vimbunga vilivyofikia angalau daraja la kwanza.

Karibu zaidi na bara letu, wengi mnakumbuka Freddy. Kilizaliwa Februari 2023 karibu na Australia, kikaivuka Bahari ya Hindi yote, kikapiga Madagaska na Msumbiji, kikarudi baharini kujaza nguvu, kikaingia Msumbiji mara ya pili tarehe 11 Machi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekithibitisha kuwa kimbunga cha kitropiki kilichodumu kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa, siku 36. Lakini Malawi, ambako kilikuta watu wengi zaidi wa kuwaua, haina bahari. Kilifika kusini mwa nchi hiyo kikiwa kinadhoofika, kikanyesha siku kadhaa mfululizo, na miteremko iliyozunguka Blantyre ikaachia. Tope na mawe vilishuka juu ya nyumba watu wakiwa wamelala. Waliokufa na wale ambao hawakuonekana tena walizidi elfu moja.

Na miaka minne kabla ya hapo, Machi 2019, kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira, Msumbiji, kisha kikasafiri ndani mpaka milima ya Chimanimani, Zimbabwe. Huko hakuna pwani wala mawimbi, na upepo wa kutisha ulikuwa umeshabaki nyuma. Mvua ndiyo iliyofika, usiku, na majabali yakabingirika juu ya makazi. Mimi nikiitazama ramani ya safari ile, kutoka baharini hadi mlimani, naona kosa letu sote: tunachora hatari mahali kimbunga kinapoingia, tunasahau mahali kinapofia.

Niseme pia juu ya kukata tamaa na matangazo, kwa sababu najua yanasemwa. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilikuwa kinaelekea pwani ya Tanzania, kikafifia kabla ya kufika. Mei 2024 kikaja Hidaya, kikapoteza nguvu kilipotua Mafia tarehe 4, na wapo waliopumua kwamba ndiyo basi. Mvua zake zikaikata barabara kuu ya kusini eneo la Somanga, na magari yakalala njiani na abiria wake. Vimbunga viwili, vyote vikasemwa vimedhoofika, kimoja kikaacha mvua ya kawaida na kingine kikang'oa barabara. Mtabiri hawezi kukupa kiasi halisi kitakachoangukia paa lako. Anakupa nafasi ya kujiandaa, na nafasi hiyo ikitumika halafu mafuriko yasije, hujapoteza kitu ila siku moja ya kukaa ndani.

Tuingie ndani ya nyumba basi, tusubiri.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ni hesabu rahisi, mtoto wa darasa la nne anaiweza, lakini ifanyeni mpaka mwisho. Paa la mita za mraba 50, mvua ya milimita 200: lita elfu kumi, yaani tani kumi za maji zimepita juu ya familia moja. Kilima chenye kilomita moja tu ya mraba juu ya mtaa wenu, mvua ile ile: lita milioni mia mbili. Zikianza kunyesha udongo unakunywa. Ukishashiba, kila tone linalofuata linateremka. Kwa hiyo mvua ya siku ya pili, hata ikiwa ni nusu ya ile ya kwanza, inaweza kuleta mafuriko makubwa zaidi. Na mto haujazwi na mvua unayoiona dirishani. Unajazwa na mvua iliyonyesha juu, bonde zima, saa nyingi au siku kadhaa zilizopita. Baada ya Idai, mito ya Buzi na Pungwe iliendelea kutanuka upepo ukiwa umekwisha, mpaka picha za setilaiti zikaonyesha ziwa mahali palipokuwa na mashamba, na watu walikaa juu ya mapaa na miti siku kadhaa wakingoja kuokolewa.

Nimewahi kukaa kwenye jengo la ghorofa pamoja na watu wengi waliokimbia mafuriko, na kulikuwa na mama mmoja ambaye nilijifunza kwake kuliko nilivyojifunza kwenye semina. Alikuwa na kipande cha mkaa. Kila maji yalipopanda ngazini alichora mstari ukutani, akaandika saa pembeni yake. Saa nne usiku. Saa tano na robo. Saa sita kasorobo. Hakuwa na simu yenye chaji wala redio. Alfajiri mvua ikakatika, watu wakaanza kukunja mikeka na kubeba watoto mgongoni. Yule mama akasema, "Ngojeni niangalie mstari." Akashuka, akachora mwingine, juu ya ule wa mwisho. Mbingu ilikuwa imenyamaza na maji yalikuwa bado yanapanda. Hakuna aliyeondoka. Mistari ilianza kurudi chini mchana, na ndipo watu wakaanza kusema mambo ya kwenda nyumbani.

Naomba kila mahali watu watakapojihifadhi pawe na mtu wa kazi hiyo. Chagueni ukuta au nguzo inayoonekana bila kutoka nje, chora, andika saa. Habari zinazotoka kwenye kundi la simu zinaweza kuwa za mto mwingine, au za jana. Mstari wa mkaa ni wa maji yenu.

Kusubiri kunachosha, tusidanganyane. Saa za mwanzo kila mtu ana hofu na hofu inamtuliza mahali pake. Siku ya pili hofu imeisha, nguo hazikauki, watoto wanalia, betri zimekufa, na mtu anaanza kuwaza mifugo, duka, gari aliloliegesha chini, mzee aliyebaki upande wa pili. Akili inatafuta sababu ya kutoka, na sababu huwa nzuri. Wanaume hasa, nawaambia kwa upendo, tunaona aibu kukaa. Tunataka tuonekane tumefanya jambo. Basi mpeane kazi: mmoja wa mstari, mmoja wa redio atakayeiwasha dakika chache kila saa ili betri idumu, mmoja wa maji ya kunywa, mmoja wa kukaa na watoto na kuwaeleza ukweli kwa lugha yao. Mtoto aliyeambiwa "bado tunasubiri mto ushuke" anatulia kuliko aliyeambiwa "hamna kitu, lala."

Na kama sababu ya kutoka ni kuvuka maji, sikilizeni vizuri sana. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kilipochambua vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na vimbunga nchini humo kati ya 2013 na 2022, kilikuta kwamba zaidi ya nusu vilitokana na mafuriko ya mvua. Wengi katika hao walikuwa ndani ya magari. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu, chini ya nusu ya kimo cha kufika goti la mtu mzima, yanaweza kukuangusha. Sentimita 30 zinaweza kuinua gari dogo, na 60 zinasomba karibu gari lolote, hata yale makubwa ambayo wenyewe huyaamini. Pikipiki sina haja ya kuieleza. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na barabara iliyofunikwa ndiyo maji hayo hasa: juu unaona uso mmoja tulivu, chini kalavati limeshaondoka na lami imebaki inaning'inia. Dereva anayeijua njia hiyo miaka ishirini ndiye anayeingia, kwa sababu anaijua. Anachokijua hakipo tena.

Wanaokaa kwenye miteremko wana jambo lao, na ningependa walisikie wote ili wengine wawasaidie. Mteremko mara nyingi hutoa dalili. Ufa mpya ardhini au ukutani. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri jana na leo unakwama. Mti au nguzo iliyoinama. Chemchemi iliyobadilika ikawa tope. Na dalili moja inayowadanganya watu: kijito kinapungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Mtu anafurahi. Mara nyingi maana yake ni kwamba huko juu udongo au magogo yameziba njia, maji yanakusanyika nyuma yake, na kizibo hicho kikiachia kinashuka chote kwa pamoja. Mkiona hivyo, au mkisikia mngurumo usiokoma, msisubiri tangazo la mtu yeyote. Ondokeni kwa kwenda ubavuni, mbali na njia ya bonde, wala msikimbilie chini kando ya kijito. Hapa kanuni yangu ya kukaa ndani inageuka, na nataka ieleweke: kungoja ni kwa aliye mahali salama. Aliye chini ya mteremko mbovu au kwenye kingo za mto alipaswa kuhama kabla ya mvua, na kama hakuhama, ahame dalili ya kwanza, mchana ikiwezekana, kwa kuwa gizani huoni ufa wala tope.

Kuna hatari nyingine ambayo haina kelele. Umeme umekatika, kuna baridi, mvua inapiga dirisha, na mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani au anawasha jenereta kwenye veranda iliyofungwa. Hewa ya sumu inayotoka humo haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, na familia haiamki. Kimbunga Laura kilipoipiga Louisiana mwaka 2020, hewa ya jenereta iliua watu kadhaa ambao upepo ulikuwa umewaacha wazima. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Mkaa usilale ndani na watu. Mkiona maji yanakaribia soketi, zimeni swichi kuu mkiwa bado mmesimama pakavu, yakishafika, msiiguse.

Maji ya kunywa yawekwe kabla, kwenye vyombo vyenye mifuniko, maana mafuriko hupitia vyooni kabla ya kufika kisimani. Beira ilipata kipindupindu ndani ya wiki mbili tu baada ya Idai. Chemsheni au tieni dawa ya klorini, na watoto wasichezee maji yaliyotuama hata kama yanaonekana safi.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: tutajuaje kwamba sasa tunaweza kutoka? Mimi huangalia mambo haya. Mstari umeshuka, na umeendelea kushuka kwa saa kadhaa, si mara moja. Mvua imekatika hata huko juu mto unakotoka, jambo ambalo mtaliuliza kwa watu wa huko au kwenye redio, na kama kuna bwawa juu yenu mmehakikisha kwamba hawafungui milango yake. Njia imekaguliwa na mtu anayejua kukagua madaraja. Miteremko mnayopaswa kuipita haijaonyesha dalili, na hata hapo mkumbuke kwamba udongo ulioshiba maji unaweza kuachia jua likiwa linawaka. Jambo moja likikosekana, mnabaki. Kawia ufike.

Nina ombi kwa viongozi wetu mliokaa mbele, na nalisema kwa heshima. Siku mtakapotangaza kwamba kimbunga kimepoteza nguvu, tangazo hilo hilo liseme ni mvua kiasi gani bado inatarajiwa, mito ipi itajaa, na lini kilele chake kinategemewa kufika kila kijiji. Msitenganishe habari hizo mbili, ya upepo asubuhi na ya maji jioni. Kati ya asubuhi na jioni watu wanakuwa wameshaondoka. Na walioko kwenye vituo vya kujihifadhi wapewe chakula na dawa za kutosha siku za mvua, pamoja na zile za upepo, kwa sababu mgonjwa wa kisukari aliyeishiwa dawa atatoka hata mkimfungia mlango, na atakuwa na haki.

Kabla hatujaingia kwenye maswali, wale mnaokaa kando ya mto na wale wa chini ya kilima, naomba msogee upande huu wa kulia. Tuna daftari hapa. Tunaandika majina ya wazee, wagonjwa, wajawazito wanaokaribia kujifungua na watu wenye ulemavu wanaohitaji kubebwa, na kando ya kila jina tunaandika nani atambeba na watapita njia ipi. Jina lisilo na mbebaji hatulivuki mpaka apatikane.